Mstari wa Sitini na Moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, karani wa kitengo cha figo aliwasha skrini, akafungua lahajedwali la wagonjwa, akabonyeza kitufe cha kijivu kilichoandikwa PANGA. Kompyuta ikakoroma. Baada ya dakika mbili printa ikatoa karatasi: nani aketi kiti kipi, asafishwe damu kwa mashine ipi, saa ngapi. Kazi hiyo ilifanywa na makro, yaani mlolongo wa amri ulioandikwa miaka ishirini na minne iliyopita, kwa lugha ambayo kompyuta nyingine zote za hospitali zilikuwa zimeisahau. Hiyo moja tu ndiyo iliyoikumbuka, kwa hiyo haikuzimwa kamwe, na juu yake palibandikwa karatasi: USIGUSE.

Jumanne hiyo karani aliongeza mgonjwa mpya, mwalimu wa hisabati, akawa wa sitini na moja. Orodha ikatoka na majina sitini. Aliyekosekana ni fundi cherehani wa mstari wa kwanza, aliyetibiwa pale kwa miaka mingi kuliko wote.

"Sista, huyu muongeze tu kwa kalamu," karani alisema.

Muuguzi mkuu akamwongeza kwa kalamu, akamketisha, akamchoma sindano. Damu haikutoka. Akachoma mkono wa pili. Mpira wa mashine ukabaki mkavu. Fundi cherehani alikuwa akipumua vizuri tu, na aliomba dirisha lifungwe kidogo.

"Hayumo," muuguzi alisema, akachomoa sindano, akabandika plasta isiyokuwa na kazi.

Karani aliliandika jina lake upya mara nne. Kila alipobonyeza kitufe, mstari uliachwa mtupu. Fundi cherehani aliendelea kuja siku za zamu yake, akakaa koridoni, miguu ikizidi kuvimba, mpaka siku ambayo mkewe alikuja peke yake kurudisha kadi.

Wiki iliyofuata akaja mgonjwa mwingine mpya, na mwashi aliyekuwa amepanda mstari wa kwanza akakauka vilevile. Hakuna aliyepiga kelele. Wauguzi walijifunza kusoma orodha kwanza ndipo wachome, ili wasiharibu sindano.

Karani ndiye aliyeingiwa na hofu, kwa sababu jina lililobaki juu kabisa lilikuwa la mama yake mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano, na bado waliishi wote, vyumba viwili na sebule. Karani akawa hali akashiba. Kila simu ya mapokezi ilipolia alidhani ni mgonjwa mpya. Siku ya Alhamisi alikwenda kwa mkurugenzi.

"Kila asubuhi orodha inatoka au haitoki?" mkurugenzi aliuliza.

"Inatoka, bosi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Watu wanakauka damu."

"Hilo nimelisoma kwenye ripoti, na nimesikitika sana. Lakini makro haijakwama hata siku moja. Tukiichokonoa ikaharibika, na hao sitini je?"

Mkurugenzi akamkumbusha kwamba mfumo mpya uko mbioni. Ulikuwa mbioni tangu karani alipoajiriwa.

Jumamosi mchana alimfuata mstaafu aliyeiandika makro, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Kompyuta. Alimkuta uani kwa binti yake, akikaza mguu wa kiti kwa bisibisi. Karani akamwamkia, akamweleza habari za wagonjwa na za Mama mdogo, akampa kurasa kumi na moja za amri alizozichapa. Mzee akazigeuza juu chini, kisha chini juu.

"Lugha hii ilinitoka mwaka niliostaafu," alisema. "Niliamka asubuhi nikakuta vumbi la kijivu kwenye mto, sikioni mwangu limebaki kidogo. Basi, imekwenda."

"Hukumbuki hata kidogo, Mzee?"

"Nakumbuka wagonjwa walikuwa kumi na tisa. Nikaweka nafasi sitini. Mkuu wangu alinicheka, akaniuliza kama najenga uwanja wa mpira."

"Hatuwezi kuongeza nafasi?"

"Nani ataongeza? Tulioijua tulikuwa watatu, na wenzangu wameshazikwa." Akaweka bisibisi chini. "Lakini haina chuki na mtu, mwanangu. Haimjui mama yako. Inautupa mstari wa kwanza, awe nani awe nani."

Akamtazama karani usoni. "Hilo sikupaswa kukwambia," alisema.

Jumatatu mgonjwa mpya alikuwa tayari anasubiri, mwanamke kijana mwenye bahasha ya vipimo magotini. Karani aliandika jina lake. Kisha akalikata jina la Mama mdogo kutoka mstari wa kwanza. Ili asiwe amemchagua mtu, alifumba macho na kushusha kidole kwenye skrini. Alipofumbua, kidole kilikuwa mstari wa thelathini na nane, kwa dereva wa lori, baba wa mapacha, ambaye kila asubuhi ya zamu yake humwita Dada Orodha na kumwomba kiti cha dirishani. Angeweza kufumba tena. Alilitazama jina lile mpaka simu ikalia, ndipo akampandisha dereva mstari wa kwanza, akamweka Mama mdogo pale pake, akabonyeza.

Saa tatu damu ya Mama mdogo ilijaa kwenye mpira, nyekundu, ikazunguka kama kawaida. Kwenye kiti cha jirani dereva alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Muuguzi mkuu alisoma orodha, wala hakugusa sindano.

"Simo?" dereva aliuliza.

"Humo."

"Haya. Nikae wapi?"

Muuguzi akamwonyesha korido. Dereva alipopita dirisha la karani alisimama. "Dada Orodha, umeamkaje?" Karani akajibu kwamba ameamka salama.

Jioni, wakianua nguo, Mama mdogo alisema, "Wewe uliniambia niko juu kabisa. Na leo kaja mgeni, nimemwona. Nani alikuwa juu?"

Karani akafungua mdomo.

"Usinitajie jina," Mama mdogo akasema upesi. Alikuwa ameshika shuka mbele ya uso, na shuka lilikuwa likitikisika ingawa hapakuwa na upepo. "Keshokutwa nina zamu. Nitapita pale alipokaa."

Jumatano alipita. Walikuwa wamekaa wawili koridoni, mwashi na dereva, na hakuhitaji kuuliza. Alimsalimu dereva, akamuulizia watoto, akaambiwa hawajambo. Kisha akaingia ndani, akaketi, akanyoosha mkono.