Shamba la Zombo kwa Gari la Ditram

Domina alianza kukasirika pale pale alipogusa boneti. Ilikuwa ya moto, na Ditram, mwenye gari, alikuwa ameapa kwamba limelala uwanjani kwake hapo Mikumi tangu jana.

Alisalimia, "Shikamoo." Ditram akaitikia, "Marahaba, binti," bila kumtazama, akaendelea kumsifia Kornelio, kaka yake Domina, lile gari dogo lililonyanyuka, nusu petroli nusu umeme. Mafuta linanusa tu, alisema. Mikumi hadi Kilosa, kwenda na kurudi, kwa lita chache tu. Mama yao alikaa kwenye benchi, karatasi ya makubaliano mapajani, kidau cha wino kando: atoe shamba lake la mpunga la Zombo, apewe gari. Hilo ndilo shamba lililowalisha tangu baba yao afe.

"Naomba liwashwe," Domina alisema.

Ditram akaliwasha. Domina alikuwa ameosha magari barabara kuu kwa miaka mitatu, na alijua kwamba magari ya namna hii yakiwashwa, taa za onyo huwaka zote kwanza, kisha huzimika. Hapa ile ya njano, ya kuonya hitilafu, haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa ameikata makusudi.

Akafungua mlango wa nyuma, akavuta kava nene la kiti. Kando ya kiti palikuwa na tundu la kuingiza hewa ya kupoza betri kubwa. Mteja mmoja aliwahi kumfokea asimwage maji hapo. Akaingiza vidole, akatoa donge la pumba za mahindi na manyoya ya kuku.

"Wamepakia magunia na kuku kwenye kiti, wakaziba hewa. Betri inaungua. Ikifa, hili ni banda."

Ditram akacheka. "Binti, wewe ni wa sabuni na kitambaa. Ya betri waachie waliosoma."

"Darasa la saba linatosha kujua pumba."

Akamgeukia kaka yake, akitegemea angalau ashtuke. Kornelio alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tutarekebisha taratibu," Kornelio alisema. "Nitaendesha bodaboda ya mtu mpaka lini?"

"Kumbe ulijua." Domina akalitupa lile donge miguuni pake. "Ulijua, na mama ukamleta aweke dole."

"Usinipandishie sauti. Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa kula. Tope la Zombo unalijua wewe?"

Mama alikuwa ameshachovya kidole. Akamgeukia mwanawe. "Kornelio, ulijua?"

"Mama, si hivyo..."

Mama akafuta wino kwenye kanga yake, akaichana karatasi. Kornelio akautupa chini ufunguo wa akiba aliokuwa ameshapewa na Ditram, akaondoka kuelekea barabarani.

"Mama, hati ya shamba iko wapi?" Domina aliuliza.

"Anayo Kornelio mfukoni."

Domina hakusubiri. Alimkuta mbele ya waendesha bodaboda wenzake, akamshika shati mgongoni.

"Toa hati ya mama."

"Niache, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nitawaambia ulichotaka kumfanyia."

Mmoja wao akazima pikipiki ili asikie vizuri. Kornelio akaingiza mkono mfukoni, akaitoa hati, imekunjwa mara nne. Domina aliifungua yote, akalisoma jina la mama kwa sauti, ndipo akaliachia shati.