Samansi Iliyogeuzwa Getini

"Baba yako aseme alikuwa anaumwa," wakili wangu aliniambia kwenye korido ya mahakama, pale Moshi. "Ugonjwa hakimu anauelewa. Hili lingine sijui."

Hili lingine lilikuwa ndilo la kweli.

Ukuta wa nyumba ya wageni ya Davis, jirani yetu huku Marangu, uliniangukia nikikata majani ya ng'ombe. Ulijengwa bila msingi, mvua moja ikautosha. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti, na kazi yangu ya kuongoza watalii mlimani ikaishia hapo. Nilimshtaki kwa uzembe. Samansi ya kumwita mahakamani ilitoka, lakini Davis anaishi Dar, na kila alipotafutwa huko alikuwa kahama. Baba yangu, Eliufoo, akasema tusihangaike: Desemba atapanda nyumbani kwa Krismasi kama Mchagga mwingine yeyote, apelekewe hukohuko.

Alipanda kweli, ila na jeneza la mama yake.

Godlove, mpeleka samansi, alifika getini kwao wakati watu wanashusha maiti kihambani, shamba la ukoo wao, katikati ya migomba. Baba, aliyetakiwa kumwonyesha Davis, alimshika mkono, akamgeuza, akateremka naye mpaka barabarani na kumpandisha bodaboda. Kulipokucha Davis alikuwa amesharudi Dar. Baada ya wiki chache samansi ikaisha muda. Muda wa kufungua kesi mpya nao ulikuwa umepita, kwa hiyo hakimu asipoihuisha samansi ya zamani, madai yangu yamekufa. Tuliomba ihuishwe, na Davis akaja na wakili wake kupinga.

Nilimchukia baba, nasema wazi. Mguu ulikuwa wangu, ustaarabu ukawa wake.

Nilimwomba baba aseme alikuwa anaumwa siku ile. Kizimbani alieleza yote kama yalivyokuwa, polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kichagga ndani. Wakili wa Davis hakuficha furaha yake.

"Kwa hiyo hukusahau, mzee. Uliamua."

"Niliamua."

"Na ingetokea tena?"

"Ningemrudisha tena. Mtu anamzika mama yake."

Wakili wangu akaangalia dari. Nikajua nimekwisha.

Hakimu, mama mmoja mgeni kwetu, mtu wa Kusini, alisema sheria inampa hiari ya kuihuisha samansi, lakini hiari hiyo inataka sababu ya kutosha, na heshima ya msiba hakuwahi kuiona imeandikwa popote. Kisha akamgeukia Davis. Siku ile ya mazishi, alikuwa na habari yoyote ya kesi hii? Wakili wake alianza kunyanyuka, lakini Davis akamtangulia.

"Nilimwona yule mtu getini. Nilijua amebeba nini."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Akasema mdaiwa aliyekuwa na habari haonewi kesi ikiendelea, na samansi inahuishwa. Sikushangilia.

Karani alichapa samansi mpya, Godlove akaileta koridoni. Davis alimwamkia baba shikamoo kwanza. Baba akaitikia, akamuuliza kwa Kichagga kama kaburi la mama limeshajengewa. Davis akasema bado, hajapata fundi wa kumwamini. Baba akasema atamtafutia.

Mimi nilikuwa naangalia kalamu tu mkononi mwa Davis. Akasaini.