Mtikisiko wa Watu Kumi na Wawili

Mzee Lekakeny hakukataa. Angekataa ingekuwa rahisi, maana mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Mbaruku, alikuwa hodari wa kubishana na wanaokataa. Yeye aliikunja tu fomu ya binti yake, akaifutika ndani ya lubega lake, akasema atafikiri.

Binti huyo, Sinyati, alikuwa amechaguliwa kwenda Korogwe kusoma kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Fomu ilitakiwa irudi Jumatatu ikiwa na dole gumba la baba. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, nasi tulikuwa kwenye msaragambo, kijiji kizima tukifyatua matofali ya zahanati. Mimi nilikuwa nimerudi Handeni mwezi uliopita, baada ya kumaliza chuo.

Wakati wa uji mzee akaja kuketi karibu na meko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Mhina. Hiyo sayansi wewe umeisoma. Miaka mingapi?"

"Mitatu, pale chuoni."

"Mkisoma nini?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Namna vitu vigumu vinavyotikisika ndani kwa ndani."

"Vitu gani?"

"Kama... mawe."

Mama Zuena, aliyekuwa akikoroga uji, akaangua kicheko. "Jiwe linatikisika! Miaka mitatu!"

Mzee hakucheka. "Mimi simnyimi mtoto shule. Lakini ndugu yangu Sironka alimpeleka mwanawe mjini. Sasa kijana akija nyumbani wanaulizana habari za mvua, wakimaliza wanakaa kimya kama wageni. Huyu wangu hunieleza kila kitu. Akisoma jambo asiloweza kunieleza, nitakuwa nimempoteza naye yu hai. Basi nieleze wewe. Nikielewa, natia dole."

Sinyati alisimama na ndoo ya maji mkononi, akaniangalia. Mimi chuoni nilikuwa naandika maswali yangu kwenye karatasi na kumpa mwalimu darasa likishatoka, ili nisisikike.

Mzee akanyoosha mkono alisogeze figa moja, kwa upande wa nje. Akaurudisha mbio.

"Lo! Moto uko upande ule!"

"Ndiyo, mzee."

"Na jiwe halina tundu. Kimepita kitu gani?"

"Hakuna kilichopita," nikasema. "Ni mtikisiko."

Nikawaomba watu wasimame mstari mmoja. Nikawafunga kiuno kwa kiuno kwa kanga na mashuka, watu kumi na wawili, Bwana Mbaruku wa kwanza, karibu na moto, na Mzee Lekakeny wa mwisho. Nikaeleza kwamba jiwe ni chembe ndogo mno zilizojipanga mistari mistari, kila moja imeshikwa na jirani zake. Kisha nikamsukuma mwenyekiti, kwa adabu.

Akayumba. Wa pili akayumba. Wa tatu alikuwa Mama Zuena. Akakita miguu chini, akamdaka jirani yake, na mtikisiko ukafia hapo.

Tukarudia. Ukafia hapo hapo. Mara ya tatu vilevile.

"Mama, mbona unamshika?"

"Nisimshike? Mtu akiyumba kwenye msaragambo unamwacha aanguke? Tumelelewa wapi?"

Mstari mzima ukamuunga mkono. Mzee akaguna kutoka mwisho kule. "Jiwe lenu hili litakaa baridi mpaka kiama."

Nikaona Sinyati ameinamisha kichwa. Sikuwahi kumwamuru mtu mzima katika maisha yangu.

"Mama Zuena," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "leo usimwonee mtu huruma! Ukivutwa, vutika. Kisha rudi mahali pako."

"Kumbe ana sauti!" akasema, akaiachia miguu yake.

Nikasukuma. Mtikisiko ukapita kama upepo kwenye mtama, kiuno kwa kiuno, ukamfikia mzee, fimbo ikamtoka mkononi. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

"Nani amenivuta?"

"Jirani yako."

"Naye kavutwa na jirani yake, na wote mko palepale mlipokuwa." Akafikiri. "Basi mtikisiko huu ni wa nani?"

"Si wa mtu mmoja, mzee. Ni wa mstari wote. Sisi huuita fononi."

"Ujamaa!" akapaza sauti Bwana Mbaruku. "Hata mawe yametutangulia!"

"Ngoja, mwenyekiti. Binti, je, ukitikisa nusu yake? Na nusu ya hiyo nusu?"

Moyo ukanidunda kwa furaha, maana hilo ndilo swali lenyewe. "Hapo ndipo watu na mawe tunaachana. Sisi tunaweza kuyumba kidogo tupendavyo. Chembe hazina ruhusa hiyo. Mtikisiko wake huongezeka kwa fungu zima, moja, au mawili, au matatu. Nusu fungu halipo."

"Kwa nini?"

"Wataalamu wamepima, wakakuta ndivyo ulivyo. Zaidi ya hapo hata mimi sijui."

Mzee akaiokota fimbo yake. "Zizi langu mwaka jana liliongezeka. Liliongezeka kwa ndama. Hakuna siku liliyoongezeka mguu mmoja."

"Ndiyo!" Nilipiga makofi kama mtoto. "Ndiyo, mzee, hivyo hivyo!"

"Na jiwe likiwa baridi sana?" akauliza Sinyati.

"Mtikisiko wa haraka una fungu kubwa, wa polepole una fungu dogo. Joto likiwa haba, halitoshi hata fungu moja kubwa. Yanabaki yale madogo tu."

Sinyati akamgeukia baba yake, akaanza kusema Kimaasai, mikono ikipanda na kushuka. Mzee akamkatiza, akauliza, akajibiwa, akabisha, akajibiwa tena. Mimi sikuelewa ila neno moja, fononi, ambalo kila mmoja wao alilitamka kwa namna yake.

Mwishowe mzee akaitoa fomu kwenye lubega. "Wino uko wapi?"

"Ofisini," akajibu mwenyekiti.

Mzee hakungoja kufunguliwa. Akaanza kwenda, shuka likamvuta jirani yake, naye akamvuta wake, na mstari mzima ukamfuata ukivuka uwanja wa matofali, Mama Zuena akipiga vigelegele katikati. Mlango wa ofisi ni mwembamba. Waliingia watano tu na Sinyati, wengine wakabaki nje wamebanana, wakiulizana kwa sauti kama dole limeshatiwa.

"Limetiwa!" akaita Sinyati kutoka ndani. "Limetiwa!"