Humusi ya Marehemu

Jumanne ya mwisho ya Septemba 1997, saa kumi na dakika tano alasiri, Igoki alikuwa ameinamia sufuria ya muthere jikoni kwake, huko juu ya Kaaga, Meru, akibonyeza punje ya hindi kuona kama imeiva. Mumewe akaingia, akapangusa viatu mlangoni na kuketi kwenye kigoda chake cha siku zote. Mumewe alikuwa Thuranira, aliyezikwa mwezi wa saba. Igoki alimpakulia mahindi na maharagwe kwanza. Mtu akitoka safari haulizwi maswali kabla hajala.

Thuranira alitia kijiko kinywani, akazungusha chakula shavu la kushoto, akazungusha shavu la kulia, kisha akakirudisha kwenye sahani punje moja moja, zikiwa nzima. Hakuwa na meno. Igoki alishangaa kidogo, maana alijua amezikwa nayo: meno ya bandia, ya juu na ya chini, yaliyotengenezwa Nairobi kwa bei ya mtamba wa gredi. Marehemu alieleza kwa ufizi kwamba Kathuri aliyachukua.

Kathuri alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya mazishi aliomba aachwe peke yake na jeneza dakika chache, amuage kaka yake kindugu. Alimuaga kweli. Jioni hiyo hiyo sanduku la hati lililokuwa chini ya kitanda cha Igoki lilihamia chini ya kitanda cha Kathuri, likiwa na hati ya shamba ndani. Shamba lenyewe lilikuwa ekari tatu za kahawa na ndizi, na mndimu mmoja mkubwa kwenye geti ambao Igoki aliupanda mwaka alioolewa. Kathuri alikuwa amempa mpaka Desemba awe ameondoka. Sababu yake ilikuwa kwamba kaka yake aliacha binti mmoja tu, Muthoni, na Muthoni ameolewa Embu, kwa hiyo shamba halina mwenyewe. Wazee wa ardhi walikuwa wamepanga kusikiliza kesi hiyo Novemba.

Lakini kwanza marehemu ale. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Thuranira alikuwa bwana afya wa mji wa Meru kwa miaka ishirini na sita, mwenye koti jeupe na muhuri wa kupigia nyama, na presha ndiyo iliyomuua. Igoki alimkorogea uji, akaukataa kwa sababu ya sukari. Alimpondea mukimo, akaukataa kwa sababu ya mafuta. Igoki akamkumbusha kwamba amekwisha kufa. Thuranira alisema hiyo si sababu ya mtu kujiachilia.

Kesho yake Igoki aliteremka soko la Gakoromone kwa rafiki yake Kibibi, Mwislamu wa Majengo aliyeuza nafaka na viungo. Alimwambia anatafuta kitu laini, kisicho na sukari wala mafuta ya nyama, kinachotia nguvu, cha mtu asiye na meno. Kibibi aliuliza kama ni mtoto au ni mzee. Igoki akasema ni Baba Muthoni. Kibibi alikuwa mazishini, na ndiye aliyechemsha chai ya watu wote. Aliuliza tu huwa anakuja saa ngapi.

Kisha akamweleza habari za humusi. Aliwahi kupika kwa meneja mmoja wa shamba la maua kule Timau, ambaye mkewe alitoka Lebanoni, na mama huyo hakuwa akila mandazi saa nne kama watu. Alikula bakuli la humusi na kipande cha karoti, na alikuwa na ngozi ya msichana. Unaloweka dengu za Kihindi, zile kubwa nyeupe, mpaka zivimbe. Unazichemsha mpaka zipondeke kwa vidole viwili. Unatwanga na simsim iliyokaangwa, kitunguu saumu, ndimu, na chumvi ya kuonjesha tu.

Mume wa Kibibi, Jamaldin, mchinjaji, alikuwa amekaa nyuma ya magunia akisikiliza. Alikuwa na lake rohoni. Mwaka wa themanini na saba Thuranira alimwagia mafuta ya taa maini ya ng'ombe mzima, maini ambayo Jamaldin aliapa kwamba yalikuwa safi.

"Mwambie hiyo haina maini," alisema Jamaldin. "Akule bila wasiwasi."

Siku iliyofuata, saa kumi kamili, marehemu alikuwa kwenye kigoda. Igoki aliweka bakuli mbele yake. Thuranira alilinusa, akaligeuza kuelekea dirishani apate mwanga, akatafuta muhuri kwa mazoea.

"Nani ametafuna hii?" aliuliza.

Halikuwa swali la mjinga. Alilelewa na nyanya aliyekuwa akimtafunia chakula kabla ya kumlisha, na kitu laini namna hiyo alijua kina njia moja tu ya kupatikana. Igoki akamwonyesha kinu na mchi. Marehemu akauliza habari za chumvi, akaridhika, akachovya kipande cha nduma. Alikaa na kile kitu kinywani kwa muda mrefu. Kisha akachovya tena, na tena, mpaka nduma ikaisha, akamalizia kwa kidole.

Tangu siku hiyo hakukosa. El Niño ikaja, mvua ikabeba madaraja na kahawa ya watu, mabasi ya Nairobi yakakwama, lakini saa kumi Thuranira alikuwa mlangoni akipangusa viatu. Humusi ilimkubali. Mashavu yalijaa, mgongo ukanyooka. Suti aliyozikwa nayo, iliyopasuliwa nyuma mochari kama wanavyofanya ili imwingie maiti, ilianza kumbana, na Igoki akashona kipande cha kitambaa pale mgongoni. Majirani walimsalimia getini na kumsifia mwili. Baadhi yao walienda kwa Kibibi kuuliza bei ya zile dengu.

Kesi ilisikilizwa Novemba katika ofisi ya chifu, wazee watano kwenye benchi na chifu mezani. Desturi ni kwamba wazee hawaamui kwa njaa. Kathuri, aliyejua desturi, alichinja beberu. Igoki hakuwa na mbuzi. Alibeba beseni la humusi kichwani, limefunikwa kitambaa, na nduma na chapati kwenye kapu, na mumewe akimfuata nyuma na mwavuli.

Beberu wa Kathuri alikuwa wa umri wa wazee wenyewe. Wazee wale walikuwa wametafuna miraa tangu Mwingereza hajaondoka, na meno waliyobaki nayo yalikuwa ya kupigia picha tu. Waliivuta ile nyama, wakaibadilisha upande, wakaitazama. Mwishowe Mzee Mbaabu, mwenyekiti, aliweka mfupa chini akafunua beseni.

"Nani ametafuna hii?" aliuliza.

Aliambiwa imetwangwa, na kwamba haipandishi presha. Wazee walisogea. Kwa nusu saa hakuna kesi iliyoendelea.

Kathuri ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwa meno ya kaka yake, na kwa kuwa kinywa chake ni kidogo, meno yalimchekesha hata mahali ambapo hakukusudia kucheka. Alisema shamba ni la ukoo, na mwanamke ni mpita njia. Kisha ikawa zamu ya Thuranira. Alisimama, akafunga kifungo cha suti, akasema mengi, ila kwa ufizi, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Wazee hawakupata hata neno moja.

"Kathuri," alisema Mzee Mbaabu, "patia kaka yako hiyo meno kidogo. Atarudisha."

Kathuri hakupenda, lakini mzee akisema amesema. Meno yalisuuzwa kwenye kikombe cha chai, yakavuka chumba kwenye sahani, yakaingia kinywani mwa marehemu na kutulia kwa mlio mdogo, kama kufuli linaloujua ufunguo wake.

"Hii shamba ni ya Igoki," alisema Thuranira. Sasa kila neno lilisikika. "Tumelima na yeye miaka thelathini na moja. Kathuri hajawahi kushika jembe huko hata siku moja. Hati iko kwa sanduku, na sanduku iko kwake chini ya kitanda. Hata hii meno ninaongea nayo aliitoa kwa mdomo yangu nikiwa nimelala kwa jeneza."

Karani wa chifu aliandika yote. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ni nadra kupata shahidi anayesema kifupi. Igoki alianza kukunja kitambaa cha beseni, tayari kwenda nyumbani.

Ndipo chifu akamwomba marehemu kitambulisho. Thuranira alipapasa mifuko ya suti. Chifu akavuta droo ya meza yake na kukitoa mwenyewe. Kilirudishwa kwake siku ya kuandikisha kifo, kama sheria inavyotaka. Alikionyesha kwa wazee, akasema kwa upole kwamba mtu asiye na kitambulisho mkononi hana ushahidi, akakirudisha kwenye droo na kuifunga.

Wazee walinong'onezana, kisha Mzee Mbaabu akatamka kwamba shamba litabaki kwa Kathuri. Meno yalisuuzwa tena, Kathuri akarudishiwa, kwa kuwa aliye hai ndiye mwenye vingi vya kutafuna.

Igoki alikasirika. Alisimama mbele ya benchi.

"Mmemsikia ama hamjamsikia?"

"Tumemsikia, Mama Muthoni," alisema Mzee Mbaabu. "Amesema ukweli mtupu. Shida ni karatasi." Alipangusa beseni kwa kipande cha mwisho cha chapati. "Na siku ingine ukituletea hii kitu, ongeza saumu."

Igoki alihama kabla ya Desemba kuanza. Alikodi chumba Majengo, nyuma ya bucha ya Jamaldin, na akaanza kuuza humusi kwa bakuli, maana lazima mtu ale. Marehemu hakupotea njia. Siku ya kwanza Jamaldin alimsimamisha mlangoni mwa bucha, akamshikia ini mbele ya macho.

"Haya, kagua."

Thuranira alikagua, akasema ni safi. Jamaldin alilirudisha ini kwenye ndoana, akampisha apite. Alikuwa amengoja neno hilo miaka kumi.

Tarehe ishirini na tisa Desemba, siku ya kupiga kura, chifu alikuja Majengo asubuhi na Landrova. Ndani walikuwa wamekaa marehemu wengine saba wa kata hiyo, wamevaa vizuri. Chifu alimpa Thuranira kitambulisho chake mkononi, akamwambia jina lake bado limo kwenye daftari na kwamba kura ni haki ya kila raia. Walifika kituoni mapema kuliko watu wote, kwa kuwa hawana ng'ombe wa kukamua. Wasimamizi walivitazama vitambulisho na kuona havina kasoro. Walipomaliza, chifu alivikusanya na kuvirudisha kwenye droo.

Saa kumi Thuranira aliketi kwenye kigoda, kidole chake kikiwa na wino. Igoki alikitazama kile kidole. Akamwekea bakuli. Marehemu alionja, akatua.

"Hii ndimu ni ya pale kwa geti," alisema kwa ufizi. Igoki alikuwa amemzoea, alimsikia vizuri.

"Ni ya hapo."

"Nani alikuchumia?"

"Hakuna wa kunichumia. Nimenunua Gakoromone, kwa Kathuri."

Thuranira alilisukuma bakuli mbali kidogo. 

"Kesho usiweke ndimu," alisema.

Igoki alikubali, na kwa bakuli la mumewe hakuiweka tena. Lakini wiki iliyofuata wazee wa ardhi walikuwa na kesi ya mjane mwingine, na walikuwa wameagiza beseni zima. Wazee huipenda na ndimu. Kwa hiyo asubuhi alichukua kapu, akateremka sokoni, akasimama kwenye foleni mbele ya Kathuri, ambaye alimchagulia zile kubwa na kumchekea kwa meno yote.