Upole wa Nyoka wa Pita

Serikali iliporuhusu wafanyabiashara binafsi kununua pamba, ushirika ambako Paschal alikuwa mpimaji wa pamba ulidhoofika, mizani ikakaa bure, naye akarudi nyumbani Somanda hana kazi. Baadaye kampuni moja ya kigeni ikaja kujenga kinu cha kuchambulia pamba nje ya mji wa Bariadi, na pamoja na mashine akaja fundi wao, Pita, mzungu wa Afrika Kusini asiye na mke wala mtoto. Paschal akapata kazi ya kumtunzia nyumba. Kazi yenyewe haikuwa nzito: kufagia, kuteka maji, kupika. Kilichomlemea kilikuwa sebuleni, ndani ya kasha la kioo.

Alikuwa nyoka mweusi mwenye pete nyeupe toka shingoni hadi mkiani, mrefu kama fimbo ya kuchungia. Asili yake Marekani, na huko, alisema Pita, humwita mfalme. Hana sumu, watoto hucheza naye. Jioni Pita alimtoa akamwacha azunguke mabegani mwake huku yeye anasoma gazeti.

Paschal hakuwa mgeni wa nyoka. Mjomba wake Maduhu, wa kule Mwamapalala, alikuwa mtu wa Bayeye, lile kundi la Wasukuma linalocheza ngoma na nyoka. Lakini baba yake Paschal, Mkatoliki shupavu, hakutaka wanawe waisogelee ngoma ile. Kwa hiyo Paschal alikua akijua nyoka wa aina mbili tu, wa kuua na wa mjomba. Huyu wa Pita hakujua amweke wapi.

Pita aliposafiri kwenda kwao kutibiwa mgongo, alimwachia maagizo machache: panya mmoja kila wiki, maji safi, na asiogope. Mwanzoni Paschal alimgusa kwa ncha ya kidole. Alikuwa wa baridi, laini, mtulivu. Baada ya siku kadhaa nyoka akampanda mkono, akaingia kwenye shati na kutulia ubavuni. Paschal akajikuta kila asubuhi anamwamkia, “Mwangaluka,” kisha anageuka kutazama mlangoni asije akasikiwa. Mkewe, Milembe, alimwuliza kama amerukwa na akili. Alijibu kwamba huyu ni mpole, na alikuwa anaamini hivyo.

Siku moja akanasa panya stoo, akambeba kwa mkia mpaka sebuleni, panya akamponyoka akapotelea chini ya kabati. Paschal akaingiza mkono kwenye kasha asogeze bakuli la maji. Nyoka akamdaka chini ya dole gumba, akamviringishia kiganja mwili wote, akaanza kutafuna. Hakufoka, hakutetemeka kwa hasira. Alitafuna taratibu, kama mtu anayekula muwa. Milembe alikuja mbio toka uani, akauzamisha mkono ule kwenye ndoo ya maji mpaka taya zikaachia. Damu ilitoka kidogo tu.

Kesho yake nyoka yuleyule akaupanda mkono uleule na kulala juu yake. Hapo ndipo Paschal alipochanganyikiwa. Kama ni adui, mbona karudi? Kama ni rafiki, jana alikuwa anatafuta nini?

Akachukua baiskeli akaenda Mwamapalala. Maduhu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama nyoka alifoka, kama alijivuta nyuma kabla ya kuuma. Paschal akasema hapana. Hilo lilimshangaza mzee, maana nyoka wote aliowajua humwonya mtu kwanza. Akaahidi kuja kumwona.

Alikuja na kikapu chenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na chatu mchanga, urefu wa mkono, aliyemlea tangu alipototolewa, na aliyempa jina la marehemu mama yake, Ng'washi, bibi yake Paschal. Alieleza kwamba nyoka huonyesha moyo wake mbele ya mwenzake, na kwamba yeye alishawajaribu nyoka wengi hivyo. Paschal hakubisha. Mzee alimweka chatu kwenye kasha kwa mkono wake mwenyewe.

Mfalme akainua kichwa, akachezesha ulimi, akamdaka chatu shingoni. Wakavingirishana wasijulikane nani ni nani. Maduhu alivuta, Paschal akakimbilia ndoo, lakini maji yalipofika chatu alikuwa amelegea. Paschal akashika panga.

“Weka chini,” Maduhu akasema. “Aliyemwingiza humo ni mimi.”

Akaketi kwenye kiti cha Pita, akatazama mpaka ncha ya mkia wa Ng'washi ikapotelea kinywani. Kisha akaondoka bila kikapu chake.

Wiki ile Paschal hakujua la kufanya. Milembe aliuliza kama huo ni msiba, kama waende kutoa pole. Nyoka alilala tumbo limejaa, mpole kuliko siku zote. Paschal alimbadilishia maji bila kumwamkia.

Pita aliporudi na kusikia habari hizo, alishika kichwa. Akasema mkono ulinuka panya, ndiyo maana ukatafunwa. Na chakula cha nyoka yule huko porini kwao ni nyoka wenzake, hata wenye sumu, ndiyo maana akaitwa mfalme. Alisahau kumwambia.

“Hana hasira, Paschal,” akasema. “Hakupendi, hakuchukii. Amekuzoea tu.”

Maneno hayo yalimuuma Paschal kuliko meno.

Wakaenda Mwamapalala kuomba radhi, nyoka akiwa kwenye mfuko wa kitambaa, kwa kuwa Maduhu aliagiza aletwe. Pita alieleza, Paschal akafasiri kwa Kisukuma. Mzee akauliza jambo moja.

“Kama nyoka hampendi mtu wala hamchukii, huyu mzungu anamfugia nini?”

Pita akasema anapenda kumtazama.

Maduhu akanyoosha mikono. Paschal alimpa nyoka, hajui kama mjomba atamvunja shingo. Nyoka akapanda polepole, akaweka kichwa kwenye kiwiko cha mzee, akatulia. Maduhu alimpapasa pete moja baada ya nyingine. Machozi yalimtoka, na papo hapo akaguna kwa kuridhika, kama anavyoguna akiona ng'ombe mzuri wa mtu mwingine. Kisha akamrudisha, akaomba asiletwe tena karibu na nyoka wa Bayeye.

Ndani ya gari Pita aliuliza kama mjomba amesamehe. Paschal akasema hajui. Barabara ilikuwa na mashimo, na mfuko ulikuwa mapajani mwake. Kila gari liliporuka, aliukumbatia kwa mikono miwili, nyoka asiumie.