Ndege Iliyofunikwa Turubai

Ndege ndogo ya viti vinne ilianguka Jumanne saa nne na robo asubuhi, mlimani juu ya Matema, wilayani Kyela. Rubani wake, Nelson, alibaki hai, mguu wa kulia umebanwa chini ya injini. Alikuwa peke yake, akitoka Songwe kwenda Songea. Mvua ilikuwa inanyesha, na pale alipo hata wakata kuni hawafiki.

Kifaa cha kumwokoa kilifanya kazi yake. Ni kiboksi cha rangi ya chungwa, hufungwa mkiani, na ndege ikijibamiza kinaanza chenyewe kupeleka ishara kwenye setilaiti. Ishara ikifika ofisi ya uokoaji, inatazamwa ndege ni ya nani na simu yake ni ipi. Ofisi hupiga simu kwanza, maana mara nyingi hakuna aliyeanguka. Ni fundi tu amekigonga kifaa kwa spana.

Namba iliyoandikwa ilikuwa ya mwenye ndege wa kwanza, aliyekwishaiuza ndege na kuitupa laini. Aliyeinunua, Godwin, mfanyabiashara wa mbao wa Mbeya, alipata muda wa kuipaka ndege mstari wa bluu na kupiga nayo picha, lakini fomu ya kubadilisha namba, karatasi moja tu, ilimshinda. Kampuni ya simu ikaiuza laini ile upya, ikaangukia Ipinda, kwa Angetile, mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Angetile aliwadharau watu karibu wote. Aliwadharau wakulima wanaoleta mpunga mbichi halafu wakailaumu mashine kwa chenga. Aliwadharau madalali, na wanaoomba pumba za bure. Lakini matapeli wa simu aliwadharau kwa moyo wote, na sababu ilijulikana. Mwaka juzi alipigiwa na mtu aliyejifanya mwalimu wa bintiye, akatuma hela ya matibabu mbio mbio, na jioni binti akarudi nyumbani anaimba. Ipinda nzima ilicheka. Mkewe, Elizabeth, alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo aliapa haingizwi mjini tena. Kila tapeli aliyepiga alizungushwa mpaka salio likamwishia, spika imefunguliwa watu wasikie. Sasa walicheka upande wake, naye alikipenda kicheko kile kuliko chakula.

Jumanne hiyo, saa sita kasoro robo, simu ikaita. Mashine ilikuwa imezimwa, mkanda unabadilishwa, na wateja kama sita wamekaa juu ya magunia wakingoja. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha ofisini. Alijitambulisha kuwa ni Hanifa wa ofisi ya uokoaji wa ndege, akauliza kama anaongea na mwenye ndege ndogo nyeupe.

Angetile akawakonyeza wateja, akafungua spika.

“Ndiyo mwenyewe, dada. Sema.”

“Kifaa chako cha dharura kinatoa ishara, mzee wangu, kutoka upande wa Kyela huko. Ndege iko wapi sasa hivi?”

“Ipo hapa hapa kwangu Ipinda. Nimeiegesha nyuma ya mashine, nimeifunika turubai mvua isiichubue rangi.”

Eliud, fundi wake, akajiziba mdomo kwa kitambaa chenye grisi. Hanifa akauliza rubani yuko wapi. Angetile akasema rubani ameshiba ndizi, amelala. Hanifa akauliza kama kuna aliyeumia. Angetile akasema hakuna, labda ndizi zenyewe. Muda wote huo alikuwa anaingoja ile sehemu ya hela, na ilipochelewa akaamua kuivuta mwenyewe.

“Sasa hela ya kukizima hicho kifaa nitume namba gani?”

“Hakuna malipo, mzee wangu. Nenda tu kazime swichi yake. Asante kwa ushirikiano.”

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Tapeli gani anakataa hela? Lakini Angetile alikuwa na wateja sita mbele yake wanafuta machozi ya kicheko, na akili haikuwa na nafasi ya kukaa. Akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akakata simu, akawatangazia kuwa wezi wameishiwa, sasa wanapiga watu kwa ndege.

Huko mlimani, nusu saa baadaye, mkia uliteleza kwenye tope na waya wa antena ukakatika. Ishara ikanyamaza. Ofisini wakaona imenyamaza, wakaandika kwamba mwenye ndege amezima kifaa, wakaenda kula. Naye Godwin, kule Mbeya, alimpigia Nelson mara mbili, hakumpata, akasema marubani wakifika Songea wana kawaida ya kuzima simu.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi Bashiri, mwenye duka la vitenge, alirudi kutoka Matema, akapita mashineni kusalimia. Alieleza kwamba jana asubuhi watu wa kule walisikia ndege ikiingia kwenye wingu, kisha kishindo, wakadhani ni radi. Mama mmoja aliiona kabla haijaingia. Ndogo, nyeupe.

Hakuna aliyecheka. Eliud alisogea karibu.

“Bosi, futa hiyo namba. Nani atajua?”

“Tulikuwa hapa wote, tata,” alisema Asajile, mkulima wa Ikolo aliyekuwepo jana na sasa amerudi kufuata mchele wake. Alimwambia Eliud, lakini alimtazama Angetile.

Angetile alisema Bashiri hajawahi kuleta habari ya kweli tangu afungue duka. Alisema radi ni radi, na kwamba huyo mama wa Matema angeweza kuona ndege hata ndani ya chungu. Akawasha mashine ili asijibiwe. Akakoboa gunia la kwanza, la pili, la tatu. Katika la nne alisahau kufungua mlango wa pumba, zikamwagika miguuni mwake, naye akabaki amesimama ndani yake.

Elizabeth alikuja ameshasikia. Habari ilikwishafika sokoni kabla hata Bashiri hajafungua duka. Hakumlaumu kwa lolote. Alinyoosha mkono tu.

“Piga hiyo simu, au nipe mimi nipige.”

Angetile akazima mashine, akaenda nyuma ya banda, pale alipodai ameegesha ndege. Safari hii hakufungua spika. Hanifa alipokea, akamtambua kwa sauti, akamwita tena mzee wangu.

“Mimi sina ndege,” alisema Angetile. “Nina mashine ya kukoboa.”



“Na yule rubani aliyelala?”

“Sijui alipolala.”

Vijana wa Matema walipanda kwa mapanga, na machela ya miti miwili na kitenge. Walimkuta Nelson hai, amekunywa maji ya mvua kwa kiatu, mguu umekuwa mweusi, anauliza kwa nini kifaa hakikuita.

Baada ya wiki Godwin alifika Ipinda na miwani yake ya jua, akamfokea Angetile mbele ya watu. Mtu mmoja alimuuliza kuhusu ile fomu. Akajibu kwamba ilikuwa ndani ya gari, bado kuijaza tu. Hapo palikuwa na mtu wa kudharauliwa, amejileta mwenyewe, na Angetile hakuweza kufungua mdomo.

Hesabu waliipiga wengine. Nelson alilala pale saa ishirini na tisa. Kutoka simu ya Jumatano mpaka watu kumfikia ilichukua saa tano na nusu. Wangeanza Jumanne simu ilipoita, wangemkuta jioni ile ile, amelala saa saba tu. Daktari alisema kwa saa saba mguu ungepona. Uliokatwa ni wa kulia, juu ya goti. Saa zilizopotea ni ishirini na mbili, na katika hizo, muda wa saa moja na robo, tangu Bashiri apite, Angetile alikuwa ameshajua.