Maji ya Naomi Hadlow

Dorcas Ebbern alikuwa akikaanga nyama ya nguruwe ya kiamshakinywa aliposikia ubavu wa boti yake ukigongwa. Aliyegonga hakupanda. Alisubiri pale njiani, kando ya mfereji, kama wafanyavyo waliolelewa majini, na Dorcas akajua huyo si mtalii.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kofia nyeusi ya kitambaa na sketi nzito. Sketi ilichuruzika maji, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Juni. Hakusalimu. Alirusha kamba tu, na Dorcas, uma ungali mkononi, akaidaka.

Hapo ndipo alipojiponza. Kwa watu wa mfereji, kamba ukishaidaka huirudishi. Umekubali kumfikisha mwenye kamba aendako.

"Juu au chini?" Dorcas akauliza.

"Juu, kanisani Braddle. Mwanangu kalala kule, nje ya ukuta. Mchungaji alisema watu wa boti hawana parokia. Nami nikazama huku chini majira ya barafu, kabla sijamrudia. Naitwa Naomi Hadlow."

"Karibu ndani, dada. Nyama unakula?"

"Ikiiva sana."

Clem Jukes wa boti ya nyuma alitoa kichwa dirishani. "Dorcas, mgeni wako anavuja."

"Boti yako inavuja mwaka wa kumi sasa, Clem, na haijafa."

Clem alicheka, kisha akaacha. Kampuni ya mfereji ilikuwa imetangaza kwamba njia ya Braddle inafungwa jioni hiyo. Maji hayatoshi, walisema, ijapokuwa ya kumwagilia uwanja wa gofu yalitosha. Boti itakayokutwa huko juu itanyanyuliwa kwa kreni ikavunjwe. Na Dorcas hakuwa na nyumba nyingine ila hiyo Linnet, boti ndefu, nyembamba kama ushoroba, alimozaliwa na alimomuuguza mumewe hadi mwisho.

"Mpe chai, umwombe radhi," Clem akasema. "Mtu keshakufa, ana haraka gani?"

"Ameshangoja vya kutosha," Dorcas akajibu, akawasha injini.

Walikwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Walipita chini ya madaraja ya matofali na kando ya mashamba ya kondoo, na watu wa likizo waliwapungia mikono. Naomi aliketi mbele. Kichwa cha boti kilizama kidogo kwa uzito wake.

Kwenye lango la kwanza walikuta chumba kikavu. Vyumba hivyo vya mawe, vyenye milango mbele na nyuma, ndivyo vinavyopandisha boti mlimani: boti huingia, maji hujazwa, nayo huinuka. Sasa kulikuwa na tope tu. Naomi alipanda ngazi, akaketi ukingoni, akakamua sketi yake. Chumba kikajaa. Maji yalikuwa ya baridi, yenye vipande vya barafu. Dorcas aliisukuma milango kwa mgongo, wakapita. Wakafanya vivyo hivyo kila lango, na nyuma yao bata wakarudi.

Kwenye lango la mwisho alisimama Bwana Prewett wa kampuni, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwa huyu."

Prewett alimtazama Naomi. "Ana kibali?"

"Alikufa maji."

"Kufa maji si kibali, mama."

"Basi kawanyang'anye bata maji yao kwanza," Dorcas akamwambia, akapita. Prewett alifunga lango nyuma yao kwa mnyororo.

Kanisani walimkuta mwanamke aliyetunza makaburi akipogoa mawaridi. Aliwasikiliza kwa upole.

"Anwani ya marehemu?"

"Mferejini," Naomi akasema.

"Basi ni nje ya ukuta, mpenzi. Utaratibu ni ule ule." Akawaazima koleo.

Naomi alipajua mahali, katikati ya majani yanayowasha. Dorcas alichimba huku mikono ikimvimba. Shimo lilipotosha, Naomi alisita, akaitazama Linnet ikielea chini ya miti ya mierebi. Lori la kreni lilikuwa limekwisha kuegeshwa barabarani.

"Nikilala, maji yatakwisha," akasema. "Nikurudishe chini kwanza. Yule mwenye mnyororo atafungua tu akiona maji yanampanda magotini. Kungoja nimezoea."

"Na utarudi huku na nani?"

Naomi aligeuka kulitazama lile lori.

"Ulisema juu," Dorcas akasema. "Huku ndiko juu. Lala, dada."

Naomi alikunja sketi, akalala ubavu, uso ukielekea kwa mwanawe. Dorcas akaanza kumfunika. Kule mferejini maji yalishuka, Linnet ikakaa matopeni, ikainama, na vyombo vikasikika vikianguka kabatini, kimoja kimoja. Dorcas hakugeuka. Alichota udongo mwingine, akaumwaga taratibu.